Mgongo wa Mti

Bonsai, yaani mti unaotunzwa chunguni ubaki mdogo, ina uso. Mtunzaji huchagua upande mmoja utazamwe, na kwenye maonyesho makubwa kama Kokufu-ten ya Tokyo, yaliyoanza mwaka 1934, watu hupita mbele ya upande huo, wakastaajabu, wakaenda zao. Uso huo naupenda. Lakini sanaa yenyewe naiona zaidi mgongoni.

Uso wenyewe hautafutwi kwenye majani. Nachuchumaa mpaka macho yalingane na ukingo wa chungu, nafagia udongo wa juu kwa brashi, natafuta mizizi inakotawanyika ikaushika udongo kama vidole. Kisha nageuza chungu kidogo. Shina lililokuwa limepinda sasa linaonekana limenyooka, kwa kuwa mpindo wake umenielekea. Nageuza tena: kovu linajitokeza, tawi lililojificha linachomoza. Asubuhi nzima huishia hapo, na mkasi sijaugusa.

Uso ukishapatikana, macho huhamia nyuma. Tawi la nyuma ndilo linaloupa mti kina. Likikosekana, mti unakuwa bapa kama picha iliyobandikwa ukutani. Kilele nacho hulazwa mbele kidogo, kama mtoto anayeinama kutoa shikamoo, na mwinamo huo huuoni vizuri mpaka usimame ubavuni. Ukichungulia kwa juu ndipo unapojua kama matawi yanafunikana au kila moja lina jua lake. Waya wa shaba huzungushwa mshazari, digrii 45 hivi: ukikazwa mno unakula gome, ukilegea tawi linarudi lilikotoka.

Nina mkwaju chunguni. Niliuweka barazani karibu na ukuta, uso ukiangalia uani, nikawa naumwagilia bila kuugeuza. Mbele ulinawiri. Siku ya kuubadilishia udongo nililigusa tawi la nyuma, likakatika kwa mlio mdogo mkavu; lilikuwa limekufa hadi shinani kwa kukosa mwanga. Majani ya mbele hayakupungua hata moja, lakini kila aliyeutazama mti alihisi kuna kitu kimeondoka. Siku hizi kila Jumapili nageuza chungu robo mzunguko.

Wakati mwingine kinachojificha nyuma ya mti ni historia yake. Kwenye bustani ya taifa ya miti ya Marekani, Washington, upo msonobari mweupe wa Kijapani uliotunzwa chunguni tangu 1625. Masaru Yamaki wa Hiroshima aliutoa zawadi mwaka 1976. Kwa miaka 25 wageni waliustahi kwa umri na umbo lake. Mwaka 2001 wajukuu wawili wa Yamaki walikuja kuutazama, wakasimulia kwamba tarehe 6 Agosti 1945 mti huo ulikuwa nyumbani kwa familia yao, kilomita 3 hivi kutoka bomu la atomiki lilikolipukia, na ukuta ndio ulioukinga. Watu wakaanza kuutazama upya mti ambao haukuwa umebadilika hata jani.

Picha zake nimeziona nyingi, zote zimepigwa kwa mbele. Nikijaliwa kufika, nitaomba ruhusa nizunguke, nichuchumae nyuma ya chungu, niyaangalie matawi ambayo vizazi vya familia moja viliyafunga waya na kuyapogoa, bila kutarajia kwamba mgeni angeyatazama.