Sifa za Mchinjaji

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mchinjaji stadi huanza na haki ya mbuzi: ukali wa kisu umfae mnyama kwanza, mlaji baadaye. Kisu butu hukereza, na kila mkerezo ni maumivu ya bure. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Idd kubwa fundi huketi na kinoo chake. Hunoa mbali na banda, kwani Mtume alikataza mnyama kunolewa kisu mbele ya macho yake.

Nausifu ufundi huu kwa kuwa kila tendo lake lina adabu. Mbuzi hupewa maji. Haburutwi, huongozwa taratibu, wala hachinjwi mwenzake akitazama. Hulazwa ubavu wa kushoto, akaelekezwa kibla, yaani kaskazini kwa sisi wa pwani. Jina la Mungu likishatajwa, kisu hupita upesi: koo, umio, na mishipa miwili mikubwa ya damu. Uti wa mgongo huachwa. Damu huachwa itoke, na ngozi haiguswi mpaka mwili utulie kabisa. Ngamia ana njia yake: huchomwa chini ya shingo, karibu na kifua, akiwa amesimama, mguu mmoja wa mbele umefungwa.

Wapo wanaodhani kazi hii hutaka moyo mgumu. Lakini anayepaswa kusema Bismillahi kwa kila kichwa, hata akiwa na kuku ishirini wanaomngoja, hukumbushwa kila mara kwamba uhai huu si mali yake. Ameruhusiwa kuutoa kwa haja tu. Moyo mgumu hauwezi kazi ya kukumbuka hivyo kutwa nzima.

Baada ya kisu huja mgawo. Nyama ya udhia, inayochinjwa baada ya sala ya Idd, tarehe 10 Mfunguo Tatu na siku zinazofuata, ni vyema igawanywe mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na marafiki, na la maskini. Mchinjaji halipwi kwa nyama hiyo wala kwa ngozi yake. Ujira wake hutoka mfukoni mwa mwenye mnyama. Hivyo sadaka haigeuki mshahara.

Tena fadhila ya mkono wake huvuka mipaka ya dini. Katika harusi nyingi za Wakristo, Tanzania na Kenya, jirani Mwislamu huitwa achinje ili waalikwa wote wale pamoja bila wasiwasi. Hakuna awezaye kuitazama pilau akajua nyama yake imechinjwa vipi. Mgeni hula kwa kuwa amemwamini mtu, na mtu huyo mara nyingi hata jina lake hatulijui.

Heshima tunayompa fundi wa jahazi na sonara, mchinjaji naye anastahili. Na kijana anayetaka kurithi kazi hii, afundishwe kunoa kabla ya kufundishwa kukata.