Bunduki Kuukuu na Mvuto Wake: Kumsoma W. D. M. Bell kutoka Osukuru

Utangulizi

Osukuru, eneo la vilima karibu na mji wa Tororo nchini Uganda, halitajwi mara nyingi katika mijadala ya maandishi ya uwindaji. Hata hivyo, ni mahali pafaapo pa kuyasomea. Iteso wanaoishi huko, na wenzao wa Busia upande wa Kenya, huzungumza lugha iliyo ndugu ya lugha ya Wakarimojong wa kaskazini. Aidha, Mumias, mashariki mwa Busia, ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu iliyoelekea Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwa waliopita njia hiyo ni Mskoti W. D. M. Bell, mwandishi wa The Wanderings of an Elephant Hunter (1923) na Karamojo Safari (1949). Vitabu hivi bado vina wasomaji waaminifu, hasa wapenzi wa bunduki za kale. Hoja ya makala haya ni kwamba mvuto wanaouona humo ni wa kweli, lakini unasimama juu ya mambo matatu yaliyosahauliwa. Na kwamba usahaulifu huo umeacha alama katika msamiati wa Kiswahili wa uwindaji.

Nguvu ya masimulizi

Wawindaji wengi wa ndovu wa enzi ya Bell walibeba bunduki nzito za risasi kubwa. Yeye alipendelea Mauser ya Rigby ya kipenyo cha .275, yaani takribani milimita 7, silaha nyepesi ambayo wengi waliiona haimfai ndovu. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, akajizoeza kuulenga kutoka pande mbalimbali. Nathari yake inafuata nidhamu hiyohiyo: haina makeke, na hueleza hatua kwa hatua namna ya kumkaribia mnyama. Msomaji hufundishwa subira na utulivu wa mkono. Hapa ndipo penye kiini cha mvuto: chombo kisichosamehe kosa humlazimu mwindaji amjue mnyama kabla ya kufyatua. Mhakiki anayeubeza mvuto huu kwa sababu tu ni wa kikoloni atakuwa hajausoma. Isitoshe, Bell anamtaja kwa jina Pyjale, Mkarimojong aliyekuwa kiongozi na sahaba wake, na anausifu ujuzi wake waziwazi.

Yaliyosahauliwa

Jambo la kwanza ni kwamba bunduki ya Bell haikuwa kuukuu ilipotumika. Ilikuwa zao jipya la viwanda vya Ulaya, iliyojengwa juu ya mfumo wa silaha za kijeshi na kutumia baruti isiyotoa moshi mwingi. Silaha kuukuu ya wakati ule ilikuwa gobori, lililoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kama sifa ni subira na risasi moja, hakuna aliyezistahili kuliko mwenye gobori, kwa kuwa akikosa shabaha hana nafasi ya haraka ya kurudia. Hata hivyo, Mauser ya kale hutunzwa kama kito na kupigwa mnada, ilhali gobori husalimishwa polisi. Basi thamani ya ukale haitokani na ukale wenyewe, wala na ugumu wa kutumia chombo. Inategemea sana ni nani aliyekishika.

La pili ni idadi. Bell huhesabiwa kuwa aliua zaidi ya ndovu 1,000. Idadi hiyo haipatani na taswira ya mwindaji anayesubiri siku nzima kwa ajili ya mnyama mmoja. Ilikuwa kazi ya biashara, iliyotegemea wapagazi waliobeba pembe, na wenyeji waliopewa ng'ombe kwa kuleta habari za mahali ndovu walipo. Bell mwenyewe hakuficha kwamba alitafuta faida. Ni wasomaji wa baadaye waliomgeuza mwanaspoti.

La tatu ni sheria. Iteso walikuwa na uwindaji wao wa pamoja, wa mikuki na mbwa. Sheria za kikoloni za wanyamapori zilifungamanisha haki ya kuwinda na leseni, na wengi waliowinda kwa kitoweo wakajikuta wakosaji katika ardhi yao. Kiswahili nacho kikabaki na majina mawili kwa tendo lililo karibu moja: mwindaji na jangili. Jina la pili hubeba hukumu kabla ya ushahidi.

Lugha na sera

Suala hili si la kihistoria tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda, iliyofanya hivyo mwaka 1979, iliruhusu tena uwindaji wa kitalii kwa majaribio mwaka 2001 katika eneo la Ziwa Mburo. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Leseni, sheria na matangazo ya wanyamapori yatakapoandikwa kwa Kiswahili, watafsiri watalazimika kuchagua. Kwa sasa neno ujangili hutumika kwa mtandao unaosafirisha pembe, na pia kwa mkulima anayetega ndezi ili alishe watoto wake. Mgeni anayelipia nyara huitwa mwindaji au mtalii. Sheria inaweza kuadhibu makosa yote mawili, lakini lugha inayoyaita jina moja humnyima hakimu njia ya kuyatofautisha.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, matini za kisheria zitofautishe uwindaji wa kitalii, uwindaji wa kitoweo na uwindaji usio na leseni, na neno ujangili liwekewe uwindaji haramu wa kibiashara. Pili, masimulizi ya uwindaji ya wazee wa Tororo na Busia yakusanywe, kwa Ateso na Dhopadhola pamoja na tafsiri ya Kiswahili, ili yasomwe sambamba na vitabu vya Bell. Pyjale tunamjua kwa maneno ya Bell peke yake. Wapo wazee ambao bado wanaweza kusimulia uwindaji wa jamii zao kwa maneno yao wenyewe, na muda wa kuwasikiliza unapungua.