Gramu 100 Zilivyopatikana

Septemba 2009 Panasonic ilitoa kamera ya GF1 pamoja na lenzi ya milimita 20, f/1.7. Unene wa lenzi hiyo ulikuwa milimita 25.5 na uzito gramu 100, nayo ilipiga picha safi hata kwenye mwanga hafifu wa jioni. Wengi walidhani siri yote ni kuondolewa kwa kile kioo cha kuakisi ndani ya kamera. Kioo hicho kina sehemu yake, lakini asiyejua hesabu iliyobaki anaweza kununua kamera ndogo kisha akaifungia lenzi zinazoifuta faida aliyoilipia.

Mfumo wenyewe, Micro Four Thirds, ulitangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008. Mtangulizi wake, Four Thirds, alihitaji nafasi ya kioo, hivyo kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa palikuwa na milimita 38.67. Kioo kilipotoka, umbali ukashuka hadi milimita 19.25. Hapo ndipo ile namba 20 inapopata maana. Lenzi yenye urefu wa fokasi mfupi kuliko nafasi iliyo nyuma yake hulazimika kuongezewa vipande vya lenzi vya kurudisha taswira nyuma, na kila kipande huongeza unene na uzito. Milimita 20 karibu zilingane na 19.25, kwa hiyo mzigo huo haukuhitajika. Vipande 7 katika makundi 5 vilitosha.

Wembamba huo ulilipiwa kwingine. Ili kufokasi, mota husogeza vipande vyote kwa pamoja, ndiyo maana lenzi hii huchelewa. Toleo la pili la mwaka 2013 lilipungua hadi gramu 87, lakini vipande vilibaki vilevile na kuchelewa kwake hakukuisha. Kwa mtu aliyeketi mezani ni lenzi nzuri sana. Kwa mtoto anayekimbia itakukosesha picha.

Lenzi ya milimita 14, f/2.5, ya mwaka 2010, ilifika gramu 55 kwa njia nyingine. Picha yake mbichi ina mistari iliyobinuka kama ubavu wa pipa, na programu ya kamera ndiyo inayoinyoosha kabla mpiga picha hajaiona. Wapo wanaoita huo udanganyifu. Sivyo: kazi iliyokuwa ya vipande vya lenzi imepewa hesabu, na msafiri amepunguziwa mzigo.

Kwenye lenzi ndefu, nafasi ya kioo haina tena neno. Kinachotawala ni upana wa tundu linalopitisha mwanga, nao hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa namba ya f. Olympus ya milimita 45, f/1.8, ina tundu la milimita 25, na uzito wake ni gramu 116 tu. Panasonic ya milimita 42.5, f/1.2, inakaribia milimita 35.4, na uzito unaruka hadi gramu 425. Sasa itazame Canon EF ya milimita 85, f/1.8, iliyotengenezwa kwa kamera zenye sensa ya milimita 36 kwa 24: nayo ina gramu 425, eneo linaloonekana ni karibu lilelile, na hutia ukungu zaidi nyuma ya uso wa mtu, kwa sababu kwenye sensa hiyo kubwa f/1.2 ya Panasonic ni sawa na f/2.4. Panasonic ina kizuia mtikisiko, na ukali wake ni wa kusifiwa, lakini udogo ulioahidiwa na mfumo haumo.

Kwa wapiga picha wa ndege na wanyama mizani inageuka. Olympus ya milimita 300, f/4, ina gramu 1,270 bila pete ya tripodi, na huonyesha eneo ambalo kwenye sensa kubwa lingehitaji milimita 600. Nikon ya milimita 600, f/4, toleo la mwaka 2015, ina gramu 3,810. Mwanga unaoingia kwa jumla ni mdogo zaidi, hilo lisifichwe, lakini moja hushikwa kwa mikono asubuhi nzima na nyingine hudai mguu wa kuiegemeza.

Kwa hiyo anayejenga mfumo mdogo aanze na lenzi zisizovuta (zisizo za zoom), za milimita 14 hadi 45, na asikimbilie namba iliyo chini ya f/1.7. Dukani agawanye kwanza: tundu likizidi milimita 30, aombe kuipima lenzi mkononi kabla ya kulipa.