Mali na Daftari Lake: Kitereza Mbele ya Mnada wa Kumbukumbu za Nyanza

Neno "mnada" likitamkwa Mwanza huleta akilini ng'ombe, vumbi, mitumba iliyotandazwa juu ya turubai, na sauti ya mtu anayepandisha bei kwa utani. Mnunuzi humjua muuzaji, au humjua anayemjua. Ng'ombe ana alama yake, na aliyemchunga yupo papo hapo kuulizwa. Lakini upo mnada wa namna nyingine, usiofanyika ufukoni mwa Ziwa, ingawa mali zake nyingi zimetoka huko au zimepata thamani kwa kulitaja jina lake. London na katika miji mingine ya Ulaya hunadiwa vitabu vya wasafiri, barua zenye saini, ramani, sarafu na nishani za vita. Mchungaji wa mali hizo hayupo. Kinachoulizwa ni orodha iliyochapwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inawahusu pia wakusanyaji wa kumbukumbu. Kitu cha kale kinaweza kuhifadhiwa vizuri sana, kikafutwa vumbi na kuwekwa nyuma ya kioo, na bado kikawa kimepotea, maadam habari yake haipo tena. Katika fasihi ya Nyanza kipo kitabu kimoja kinachoweza kutumiwa kama kipimo cha jambo hili: riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kwa kawaida husomwa kama hadithi ya ndoa na utasa. Inafaa isomwe pia kama kazi ya mkusanyaji, na ipimwe kando ya ukusanyaji ule unaoishia kwenye nyundo ya dalali.

Kwanza itazamwe bei inavyoumbwa. Dalali wa vitabu hutazama mambo machache: toleo la kwanza au la baadaye, jalada la asili au lililobadilishwa, ramani zimo au zimechanwa, na mkono gani uliwahi kukishika kitabu hicho. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka kwenye kilima karibu na Mwanza, akalibandika jina la malkia wake. Kitabu chake mashuhuri, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilichapishwa mwaka 1863. Nacho kinahusu safari yake ya pili, ile aliyofuatana na Grant na kupita magharibi ya ziwa. Habari za Mwanza zimo katika kitabu kingine, What Led to the Discovery of the Source of the Nile, cha mwaka 1864. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Kifo cha mapema huifanya saini kuwa adimu, na uadimu hupandisha bei.

Aliyekuwa naye Mwanza mwaka 1858 ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mdogo, akarudi Zanzibar akiwa huru. Huyu alifuatana na Speke katika safari zote mbili, akafuatana na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi pwani ya magharibi mwaka 1875. Kwa kipimo cha maarifa ya njia, hakuna Mzungu wa zama zake aliyemfikia. Lakini hakuandika kitabu, na kwa hiyo hana toleo la kwanza. Mnada, kwa maumbile yake, hauwezi kumthamini mtu ambaye hakuacha karatasi.

Henry Morton Stanley naye alifika Kageyi, mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Akaiunga, akaishusha majini mwezi Machi, akalizunguka ziwa na kurudi Kageyi mwezi Mei. Mwezi Septemba 2002 mali zake zilizobaki kwa warithi zilinadiwa London katika nyumba ya Christie's; majalada yake mengi ya maandishi yapo Tervuren, Ubelgiji. Katika safari hiyohiyo, Agosti 1875, watu wake waliwamiminia risasi wenyeji wa kisiwa cha Bumbire, kulipiza kisasi cha ugomvi wa miezi mitatu hivi nyuma. Stanley mwenyewe alilisimulia tukio hilo, na lililaumiwa hata Uingereza. Hata hivyo saini yake chini ya ukurasa haina alama yoyote ya Bumbire. Wino ni uleule. Mwenye kuinunua saini hununua mkono, na mkono hauelezi ulichofanya.

Kumbukumbu za vita zinalidhihirisha jambo hili zaidi. Waingereza waliiteka Ukerewe mwezi Juni 1916, na Mwanza katikati ya Julai. Wajerumani walirudi kusini kuelekea Tabora, ambako, kwa kuwa bahari ilizibwa na fedha kutoka kwao haikuweza kufika, walikuwa wakijitengenezea sarafu katika karakana ya reli. Heleri zilitengenezwa kwa shaba, ikiwemo ya maganda ya risasi na mizinga. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, ilitengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke, kiasi cha vipande elfu kumi na sita tu. Tembo huyo wa Tabora leo ni kipenzi cha wakusanyaji wa sarafu ulimwenguni. Mjuzi wa sarafu anaweza kuzitenganisha aina zake kwa kutazama nakshi ndogo upande wa tai. Lakini aliyechimba dhahabu hiyo, aliyefua chuma, na mpagazi aliyelipwa heleri ile ya shaba hawana nakshi ya kutambuliwa nayo.

Nishani nazo zina somo lake. Zile za Uingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia zilichongwa ukingoni jina, namba na kikosi cha mwenyewe. Za Vita vya Pili kwa kawaida zilitolewa bila jina. Vikosi vya KAR kutoka Tanganyika vilipigana Burma mwaka 1944, na askari wakarudi vijijini na nyota za shaba. Maadam nyota hiyo imo sandukuni kwa mjukuu, jina lake lipo: ni ya babu. Siku inapouzwa kwa mpita njia, jina hubaki nyumbani na nyota huondoka peke yake. Hakuna mnada unaoweza kulirudisha. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoweka mpaka wa vitu vya kale katika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, haikutungwa kwa ajili ya nyota kama hiyo. Sheria hulinda vitu. Majina hulindwa na wasimulizi.

Hapo ndipo kazi ya Kitereza inapoingia. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, akasomeshwa na wamisionari Kagunguli na kisha seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na Kiswahili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi vita vilipofika kisiwani kwao. Mtu wa elimu hiyo angeweza kuandika kumbukumbu za mapadre, za magavana au za mapigano. Alichagua kuandika, kwa Kikerewe, maisha ya mume na mke wa kawaida katika Ukerewe ya kabla ya utawala wa Wazungu. Mswada ulikamilika mwaka 1945. Padre Almas Simard, aliyemtia moyo, aliujali na kujaribu kuutafsiri, lakini akafariki kabla kazi haijatimia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walimkuta mzee huyo na mswada wake wakautafutia mchapishaji. Kikerewe hakikupata soko. Mzee akaketi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kukamilika; Kitereza akafariki mwaka 1981.

Wahakiki wamewahi kulalamika kwamba riwaya hii ni ndefu na inasimama kila mara. Ni kweli inasimama. Bugonoka, aliyekosa mtoto na kusimangwa na ndugu wa mume, anachukuliwa na wazazi wake. Myombekere anamfuata kumwomba, na wakwe wanamtoza fidia ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angeandika kwamba pombe ilipikwa ikapelekwa. Kitereza hafanyi hivyo. Anaifuata pombe hiyo hatua kwa hatua, na pamoja nayo watu wanaosaidiana kuitengeneza, vyombo vinavyotumika, na adabu ya kuifikisha ukweni. Ndivyo anavyoifanyia safari, kilimo, uvuvi, dawa ya mganga na salamu za mlangoni. Visa vinasubiri mpaka kazi iishe.

Kusimama huko ndiko kunakoibeba riwaya. Katika orodha ya dalali, mtungi ni kipimo cha urefu, rangi ya udongo na mwaka wa kukisiwa. Katika Kitereza, mtungi una mfinyanzi, una kilichomo ndani, una mtu anayeubeba akiogopa kukataliwa na baba mkwe. Mtungi ule ni aibu ya Myombekere na tumaini lake kwa wakati mmoja. Msomaji akiufunga ukurasa hawezi tena kuuona mtungi wa kale wa Ukerewe kama pambo. Fani na maudhui vimeshikana hapa kwa namna isiyo na majivuno: urefu wa maelezo ni sehemu ya maana yake, kwa kuwa mwandishi alikuwa akiandika kwa ajili ya watu aliohofia kwamba siku moja watakuwa na mtungi bila kujua wa nini. Riwaya yote inahusu ndoa iliyokosa wa kurithi, na mwandishi anawapa wahusika wake watoto, kisha anampa msomaji urithi wenyewe, kipande kwa kipande. Hilo ndilo daftari.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Kitereza mkusanyaji asiye na upungufu. Kila akusanyaye huchagua, naye alichagua utulivu. Katika karne ya kumi na tisa Ukerewe ilikuwa imeshaingia katika biashara ya masafa marefu, pembe za ndovu zikielekea pwani. Gerald Hartwig aliitungia kitabu historia hiyo mwaka 1976. Katika riwaya dunia hiyo haishiki uzito wowote unaolingana na shamba la migomba. Vita vya 1916, alivyovishuhudia kizazi chake, havimo kabisa. Wakusanyaji wa Ulaya waliikumbuka Nyanza kwa vita na safari peke yake. Kitereza aliikumbuka kwa nyumba peke yake. Anayetaka Nyanza nzima hana budi kuzisoma orodha zote mbili, akijua kila moja imeficha nini.

Wala si haki kuwahukumu wakusanyaji kwa pamoja. Karatasi zilizobaki mikononi mwa wageni hazikuliwa na mchwa, na mswada wa Kitereza wenyewe ulisaidiwa na padre na watafiti kutoka ng'ambo. Kinachoulizwa ni kama kitu kimehifadhiwa mahali ambapo yupo awezaye kukisemea. Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma na vifaa vya watemi wa Kisukuma. Ngoma hizo zimebaki katikati ya watu ambao bado hucheza Bagika na Bagalu, na kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, makundi hayo hushindana mbele ya umati. Mtoto wa Kisesa anaweza kuitazama ngoma ya kale na kuisikia ndugu yake ikilia uwanjani. Hapo kitu na neno lake havijaachana.

Kitabu cha Kitereza chenyewe kimeanza kuachana na wasomaji wake. Wajerumani wanacho katika lugha yao tangu miaka ya 1990, tafsiri ya Möhlig, Wafaransa wanacho, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, kikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Lakini toleo la Kiswahili la mwaka 1980, aliloliandika mzee kwa mkono wa kalamu yake mwenyewe, limekuwa adimu. Linaelekea pale walipo Speke na Stanley: kwenye rafu ya vitabu vya kale, ambako mnunuzi huuliza kwanza hali ya jalada.

Ikiwa siku hiyo itafika, itakuwa kejeli kubwa kuliko zote. Kitabu kilichoandikwa ili vitu visipoteze maneno yao kitakuwa kimegeuka kitu, kikiuzwa kwa bei nzuri kwa mtu asiyekisoma. Dawa yake haihitaji fedha za mnada. Inahitaji mchapishaji wa kukitoa upya kwa Kiswahili, walimu wa Mwanza na Nansio wa kukiweka mikononi mwa wanafunzi, na katika kila nyumba yenye sanduku la babu, mtu mmoja wa kuketi na wazee na kuandika: nyota hii ni ya fulani, alirudi nayo mwaka fulani, na hivi ndivyo alivyosema.