Kopa Ndani ya Mkia

Kuanzia Nanganga, njia panda ya Ruangwa, hadi kule juu Newala, mafundi wa antena wamekuwepo siku zote bila cheti. Kabla minara ya FM haijatapakaa, redio ya mawimbi mafupi ilitaka waya: ncha moja dirishani, nyingine juu ya mwembe. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, ilimfikia vizuri aliyeuepusha waya wake na bati. Aliyeulaza juu ya paa alisikiliza mkwaruzo kama wa dagaa kikaangoni.

Ufundi huohuo wa kuiepusha antena na metali upo ndani ya ndege za kujiundia, na hapo ndipo ninapouvulia kofia. Gabriel Nderitu wa Nyeri na Adam Kinyekile wa Tunduma walipopata umaarufu kwa vyombo vyao vya kuruka, maswali yalikuwa ya injini na mabawa. Antena nani aiulizie? Haing'ai, haingurumi.

Katika ndege ya faibaglasi au mbao, antena yaweza kufichwa kabisa, kwa kuwa mawimbi hupenya. Baada ya ndege ya VariEze ya Burt Rutan kuruka mara ya kwanza 1975, waundaji wengi walikuja kujifunza kutoka kwa Mmarekani mwenzake, Jim Weir, kubandika utepe wa kopa chini ya ngozi ya ndege. Redio ya marubani hutumia megahezi 118 hadi 137, hivyo kila mkono wa antena hiyo ya mikono miwili hukaribia sentimita 59. Hukaribia tu: upana wa utepe na faibaglasi yenyewe hulazimisha kuufupisha. Fundi huanza na mrefu, anakata milimita chache kwa mkasi, anatazama mita, anakata tena. Mikono miwili husimama wima ndani ya mkia, maana antena za minara nazo ni za wima. Ukiilaza, sauti inapotea njiani. Kwenye kebo, karibu kabisa na lehemu, huvishwa vipete vya feraiti ili kebo nayo isijifanye antena.

Kubandika utepe si kazi. Kazi ni kugombea nafasi tupu. Fito za usukani, waya za betri, mabomba, hata rangi yenye chembe za metali, vyote vinataka kukaa palepale. Kaboni ya kuundia ndege ndiyo mbaya zaidi: ni nyeusi, nyepesi, inapendwa, lakini inapitisha umeme na kuyazuia mawimbi. Kwa ndege ya kaboni, weka antena nje, usibishane.

Fundi makini hujaribu kabla hajafunga. Ndege huzungushwa taratibu pale chini huku mwenzake akisikiliza kwa mbali na redio ya mkononi, akitaja upande ambao sauti inafifia. Asiyejaribu hufunga, hupiga msasa, hupaka rangi, kisha anakuja kutoboa tumbo la ndege ili achomeke antena ya dukani.