Neno "Ile" katika Ujumbe wa Matapeli: Uhakiki wa Nadharia ya Michezo

Nadharia ya michezo, iliyopata umbo lake katika kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern cha mwaka 1944, huyatazama mashindano ya watu kama mchezo, ambamo kila mmoja huchagua hatua yake huku akikisia hatua ya mwenziwe. Wataalamu wa ulinzi wa kompyuta wameichukua ili kupima mapambano ya mlinzi na mwizi. Twataka hapa kuihakiki kwa kipimo cha lugha, tukitumia ujumbe wa simu unaofahamika kote Tanzania: "Ile hela itume kwenye namba hii."

Maelezo yanayotajwa sana ni ya Cormac Herley wa Microsoft, ya mwaka 2012. Yeye aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe hujitaja waziwazi kuwa watu wa Nigeria, ilhali hadithi hiyo imekwisha chakaa. Jibu lake ni kwamba kupeleka barua ni rahisi, bali kumshawishi kila anayejibu ni kazi ndefu. Basi hadithi ya kipuuzi huwaondoa werevu mapema, wakabaki wepesi wa kusadiki tu. Hoja hii ni nzuri. Walakini ikihamishiwa kwetu nzima nzima, hutuachia hukumu ya kwamba aliyemtumia tapeli hela ni mjinga. Hapo ndipo tunapoipinga.

Tuutazame ujumbe wenyewe. Hauna salamu, hauna jina la mwandikaji wala la mwandikiwa, wala hautaji kiasi. Uzito wote umo katika neno "ile". Kionyeshi hiki hakionyeshi kitu cha mbali tu. Hurejea pia jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha lijua. Asiyedaiwa hana cha kurejea, naye huufuta. Lakini aliyeahidi jana kutuma fedha hulijaza neno hilo yeye mwenyewe. Tapeli hakumsimulia hadithi. Amemwachia nafasi tupu. Wala hana haja ya kutafuta wajinga, kwa kuwa hapana mazungumzo marefu yanayofuata: ni hatua moja, na mchezo umekwisha. Anayebaki katika chujio ni mtu mwenye deni na nia ya kulilipa.

Ndiyo maana ujumbe huu una nguvu mahali kama Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Waha wa milima ya Manyovu hulima kahawa, na fedha za mavuno aghalabu hufika zikiwa zimekwisha ahidiwa: mahitaji ya mtoto aliye shuleni mbali, ujira wa vibarua, deni la dukani. Katika msimu huo "ile hela" huwa na maana katika simu nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa upande mmoja nadharia haikukosea: kila kinga huzaa hatua ya kuijibu. Mtandao huonyesha jina la mpokeaji kabla ya fedha kutoka. Ujumbe nao umerefushwa kwa maneno "jina litakuja", likafuata jina la mtu asiyejulikana. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Matapeli wakatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine.

Lakini mchezo wataka wachezaji wanaojua kuwa wanacheza. Katika bao, kete zote zi wazi mbele ya wawili. Mkulima anayesoma ujumbe hajui kuwa ameketishwa mbele ya bao; yeye anatimiza ahadi. Kumwonya tu kwamba awe makini ni kumpa lindo pasipo kumwonyesha mlango. Yafaa zaidi kila nyumba ipatane mapema kwamba namba mpya haikubaliwi ila kwa kusikia sauti ya mwenyewe, nayo mitandao ibebe gharama ya kuzuia ujumbe mmoja unaopelekwa kwa watu wengi. Na sisi wa taaluma ya lugha tusikubali aliyeibiwa aitwe mjinga: alilielewa neno "ile" sawasawa, kama sarufi inavyotaka.