Mugo Si Mwanakondoo

Wenzangu wengi darasani hung'ang'ania kwamba Mugo, katika riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), ni Kristo. Mie nakataa. Waraka wa Kwanza wa Petro (1:18-19) unamfananisha Kristo na mwanakondoo asiye na dosari: anakufa asiye na hatia ili wenye hatia wakombolewe. Mugo je? Ndiye aliyemsaliti Kihika kwa wakoloni, Kihika akanyongwa. Damu yake ni deni lake mwenyewe, haimlipii mtu.

Lakini hapo ndipo msanii anapotubana. Siku ya Uhuru, 12 Desemba 1963, msaliti anaitwa mbele ya umati ajitokeze, na anayedhaniwa ni Karanja. Anajitokeza Mugo! Kwa kusema kweli tu anamwokoa mtu ambaye naye ana madhambi yake chungu nzima. Basi wokovu, kama upo, umepitia kwenye toba, si kwenye dhabihu. Mauaji yanakuja baadaye, na wala hayamtakasi yeyote. Mtazameni Wambui, mmoja wa waliomhukumu: anabaki na wasiwasi kama ilikuwa haki hata kumhukumu.